Chumba cha daktari kina sinki, sasa mbona hanawi?

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki ya presha, kituo cha afya cha huku kwetu Pemba, tumefika asubuhi mapema tukakaa benchi mpaka zamu yetu. Mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja ana kidonda mguuni, bandeji imerowa kabisa, kaingia katoka, tukaitwa sisi. Daktari ni kijana mpole mwenye adabu, akamwamkia mama shikamoo, akamuuliza usingizi, akamfunga ile mashine ya presha mkononi, alafu akamvuta kope ya chini ya jicho kuangalia kama ana damu ya kutosha. Tulipofika nje mama akaninong'oneza, "Mwanangu, yule mbona hajanawa? Katoka kwa mwenye kidonda kaja kunishika jicho."

Sikumjibu kitu, mana mie nilikuwa bado nafikiria sinki. Mie ni fundi wa mifereji, kazi yangu ndo hiyo tokea ujana, nikiingia chumba chochote jicho linakwenda kwenye bomba kabla halijamwona mtu. Na sinki lilikuwepo, nyuma ya mlango, jeupe, la kauri, zima, ndani yake zimewekwa katoni mbili za glavu na rundo la kadi za wagonjwa. Yani limefanywa rafu.

Basi hapo watu wengi tunamalizia kwa kusema daktari mchafu, au mvivu, au hajali. Mie nasema jambo hili lina mafundo mengi kuliko hivyo na nataka niyafungue moja moja, kwa yale ninayoyajua kwa kazi yangu na yale nilofunzwa na shemeji yangu ambaye ni nesi Unguja na ana subira ya kunieleza kila ninapomuuliza.

Kwanza tuelewane mikono inanawiwa lini. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa muongozo wake mkubwa mwaka 2009 na humo mna nyakati 5: kabla hujamgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kusafisha kidonda, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu yake hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Shemeji yangu anasema hizo za "baada" watu hawana tabu nazo, mana kila mtu anajionea kinyaa mwenyewe, akishika usaha anakimbia maji. Zinazosahaulika ni za "kabla". Na ukizitazama vizuri, za kabla zinamlinda mgonjwa na za baada zinamlinda zaidi mhudumu na wale watakaofuata. Kwa iyo mhudumu anaweza kuwa ananawa mara kumi kwa siku na bado mama yangu asipate hata moja ya kwake.

Kuna na hili. Utasikia mtu anasema "si nimenawa nilipomaliza na yule bwana, ninawe tena ya nini?" Ni kweli kama umenawa ukaenda moja kwa moja kwa mgonjwa wa pili hujashika kitu, kunawa kumoja kunatosha kwa wote wawili. Lakini kaa kwenye chumba cha kupimia uangalie mikono inapopita. Kalamu, kadi, simu, kitasa cha mlango, pazia, ile mashine ya presha iliyotoka mkono wa mtu mwengine sasa hivi. Pazia khasa, mana mwenye kidonda kalishika, daktari kalivuta kulifunga, na ukiuliza lilifuliwa lini hamna anayejua. Kufika kwa mgonjwa wa pili ule unawaji wa mwanzo umeshaliwa na vitu sita njiani.

Sasa tuje kwenye sinki. WHO na UNICEF wanapohesabu kama kituo kina huduma ya msingi ya usafi wa mikono hawahesabu masinki. Wanauliza pale mgonjwa anapohudumiwa pana maji na sabuni, au pana dawa ya kutakasa mikono yenye alkoholi, na inafanya kazi leo? Na chooni, ndani ya mita 5, pana maji na sabuni? Ukikosa kimoja hujafika. Ripoti yao ya mwaka 2022 ilisema nusu ya vituo vya afya duniani havikufika hapo. Nusu, ndugu zangu, na ni duniani kote. Kwa hesabu hiyo lile sinki jeupe nyuma ya mlango ni sawa na halipo, na afadhali lisingekuwepo kabisa, mana lipo pale linamdanganya mkaguzi na linamdanganya aliyelijenga.

Hebu tupige hesabu ndogo. Daktari wa kituo chetu siku ya kliniki anaweza kuona watu 40. Kwa kila mmoja anawe mara mbili, kabla na baada, hizo ni mara 80. Kunawa kwa maji na sabuni kunakotakiwa, pamoja na kukausha, ni sekunde 40 mpaka 60. Chukua dakika moja, unapata saa moja na dakika 20 za kunawa tu. Kama sinki liko ukumbini, nusu dakika kwenda na nusu dakika kurudi, ongeza tena saa moja na dakika 20 nyengine. Unakaribia saa mbili na dakika 40, na nje benchi limejaa, kina mama na watoto mgongoni. Hata ukimleta mtu anayependa usafi kuliko wote hatoweza, atachagua mgonjwa wa kumnawia na wa kumwacha.

Ndo mana habari ya sanitaiza ikaja na nguvu. Kule Geneva, Uswisi, hospitali ya chuo kikuu ilifanya mpango kuanzia mwisho wa 1994 mpaka 1997, wakaweka dawa ya alkoholi pale pale kwenye kitanda cha mgonjwa, wengine wakabeba chupa mfukoni, pamoja na mabango na ufuatiliaji. Wanaotakasa mikono inapotakiwa wakapanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa waliopata maambukizi ndani ya hospitali wakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Waliongeza chupa, hawakuongeza masinki. Dawa inapakwa sekunde 20 mpaka 30, na huendi popote. Kwa wale wagonjwa 40 wetu ni kama dakika 27 mpaka 40 kwa siku nzima, na nyingi katika hizo daktari anaweza kuwa anamsikiliza mgonjwa huku anasugua vidole.

Lakini sanitaiza nayo ina masharti yake. Michanganyiko miwili ya WHO, ambayo hata hospitali yenyewe inaweza kuitengeneza ikipata vifaa, mmoja ni ethanoli asilimia 80 na mwengine ni isopropili asilimia 75, zote mbili ni aina za alkoholi, kidogo cha gliserini kisikauke ngozi, na kidogo cha haidrojeni peroksaidi kuua mbegu za vijidudu zilizoingia kwenye chupa. Alkoholi ikiwa chini ya asilimia 60 nguvu yake inashuka sana, kwa iyo zile chupa zinazoongezwa maji ili zifike mwisho wa mwezi bora zisiwepo. Ukipaka mikono ikiwa imerowa unaizimua mwenyewe. Ukipaka tone la katikati ya kiganja tu ukafuta kwenye koti hujafanya kitu, ijaze kiganja, isugue mpaka ikauke yenyewe.

Alafu kuna mahali alkoholi haiwezi. Mikono inayoonekana kwa macho kuwa michafu, ina damu, ina kinyesi, ina mafuta, lazima maji na sabuni. Na kuna bakteria wa kuharisha wanaojifungia kwenye mbegu ngumu, alkoholi inawapita juu tu, wanatakiwa kusuguliwa na kuondolewa kwa maji. Sisi watu wa visiwa hili la kuharisha lituingie sana, mana kipindupindu, ingawa chenyewe si katika hao wa mbegu, tunakijua, kimetupiga mara kwa mara na ule mripuko wa 2015 na 2016 hatujausahau. Mgonjwa wa kuharisha akiingia chumbani hapo chupa peke yake haitoshi, sinki lazima litoe maji. Kwa iyo yule anayesema "siku hizi sanitaiza basi, masinki ya nini" kakosea kama anayesema sinki peke yake linatosha. Chupa ni ya kila mgonjwa na sinki ni la pale mikono inapochafuka.

Kuna wenye wasiwasi wa dini, na ni haki yao kuuliza, hata mama aliniuliza, "hiyo si ulevi?" Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu duniani, lilikaa Makka Januari 2002 likalizungumza jambo la dawa zenye alkoholi, likasema alkoholi yafaa kutumika nje ya mwili kusafishia vidonda na kuulia vijidudu. Mwenye shaka zaidi amuulize sheikh wake.

Na kwa kuwa nimetaja dini, hebu niseme na hili. Watu wetu mikono yao inajua kunawa. Mtu anayetia udhu mara tano kwa siku anajua kupitisha vidole kati ya vidole, anajua maji yatiririke. Sehemu zinazokoswa na wahudumu wengi wanaponawa ni ncha za vidole, kidole gumba na katikati ya vidole, na hiyo ya katikati sisi tushafunzwa tokea chuo cha Kurani. Kinachoongezeka ni sabuni na muda. Sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na upande mmoja unaopenda mafuta, ule wa mafuta unang'ang'ania uchafu na vijidudu na ule wa maji unavuta kuondoka navyo, lakini unahitaji kusuguliwa, haifanyi kazi kwa kupitishwa tu.

Hapa ndo naingia kwenye kazi yangu mwenyewe. Maji yetu Unguja na Pemba kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, na pwani kwenye mawe ya matumbawe yanatoka magumu, mahali pengine yana chumvi kabisa. Sabuni haitoki povu, mtu anaongeza sabuni, anachoka, anaosha nusu nusu. Na yale maji yanajenga ukoko mweupe kwenye koki, miaka miwili koki imekaza, mtu anatumia nguvu kuifungua na mkono ule ule aliotaka kuusafisha, alafu anaifunga kwa mkono uliokwishanawa. Ndo mana koki ya chumba cha daktari inatakiwa iwe ya kiwiko, ile yenye mkono mrefu unausukuma kwa kiwiko chako. Huwa naambiwa nifunge zile za umeme zinazojifungua zenyewe, watu wanaziona za kisasa. Mie nawaambia betri ikifa mnabaki na pambo. Na kuna utafiti wa hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, 2011, koki za umeme zilikutwa na bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, zaidi kuliko za mkono, mana ndani zina vali nyingi nyingi na maji yanalala humo.

Sinki lenyewe pia linaweza kuwa ndo ugonjwa. Mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012 Ireland ya Kaskazini walifariki watoto wachanga 4 kwa bakteria anayeitwa Pseudomonas, na mifereji ya vyumba vya watoto ikakutwa naye. Huyu bakteria anapenda unyevu, anakaa kwenye ule utelezi wa ndani ya bomba na kwenye kile kipande kilichopinda chini ya sinki tunachokiita trapu. Sasa ukifunga koki ikamwaga maji moja kwa moja juu ya tundu la kutokea, yale maji yanarusha matone, yanamfikia mtu, yanafika kwenye meza ya dawa iliyo pembeni. Kwa iyo maji yaangukie kwenye ubavu wa sinki, sinki liwe na kina, lisiwe na kizibo wala lile tundu dogo la juu la kuzuia kufurika, mana ndani yake hapasafishiki. Na mkojo wa kupimia usimwagwe humo, wala kitambaa cha deki kisikamuliwe humo. Sinki la mikono ni la mikono. Ninaposema haya wengine wanaona fundi anajitia udaktari, lakini bomba halijui kama liko jikoni au spitali, anayelifunga ndo anatakiwa kujua.

Alafu maji yafike. Nilipima kwa ndoo: mfereji wangu wazi kwa dakika moja ni lita 6 hivi, lakini ukifunga wakati unasugua unatumia kama lita 2. Mara 80 kwa lita 2 ni lita 160, ndoo nane za lita 20, kwa chumba kimoja siku moja ikiwa wote wananawa kwa maji. Huku maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwa iyo bila ya tangi hamna kitu, na tangi liwe juu. Kila mita moja ya kwenda juu inakupa kama sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo cha msukumo wa maji, kwa iyo tangi lililowekwa chini kwa kuokoa pesa ya mnara linadondosha matone tu. Nimeona tangi la lita elfu mbili limekaa chini limejaa pomoni na ndani mfereji hautoi maji hata ya kurowesha kidole.

Kama hamna mfereji, ndoo yenye koki na kifuniko juu ya kigoda, chini ndoo ya kupokea maji machafu, inafanya kazi nzuri tu, hata kibuyu chirizi kwa chooni. Kitu kisichofaa ni lile beseni la dawa la zamani, wenye umri wangu mnalikumbuka, maji meupe kwenye kona, kila anayepita anachovya mikono. Maji yaliyosimama hata yakiwa na dawa vijidudu vinaishi na kuzaliana humo, na kila mkono unaacha vyake. Na taulo moja lililoning'inizwa asubuhi mpaka jioni ndo lile lile beseni kwa sura nyengine. Kukausha kuna maana yake, mkono uliorowa unabeba na kupokea vijidudu kuliko mkavu, kwa iyo vitambaa vidogo vya kutumia mara moja vikafuliwe, au karatasi, au upunge mikono ikauke.

Sabuni ya kipande ikae kwenye kisahani chenye matundu, isiogelee. Ya maji isiongezwe juu ya iliyobaki, chupa ioshwe, ikaushwe, ijazwe upya.

Na glavu? Glavu zinakuja na matundu madogo ambayo huyaoni, na unapozivua zinakuchafua. Kunawa kabla na kunawa baada kuko pale pale. Nimeshaona mtu kavaa glavu zile zile kwa wagonjwa watatu, yeye mikono yake misafi na wao wanapokezana uchafu.

Wiki iliyofuata nilirudi pale kituoni peke yangu na begi la vifaa, nikamuomba nesi mkuu ruhusa nilitazame lile sinki, sitaki malipo. Mama wa makamo, mchovu, akaniambia mwanangu tushaandika barua mpaka wino umekwisha. Nikazitoa zile katoni. Geti vali ya nje, ile ya kufungia maji yanayoingia, ilikuwa imekaza na kuziba kwa ukoko, saa nzima nikaibadilisha, nikatia koki ya kiwiko niliyokuwa nayo, nikaigeuza kidogo maji yaangukie pembeni. Yakatoka kahawia, yakawa meupe. Yule mama akabaki kaniangalia, akasema, "Sasa glavu nitaziweka wapi?"

Nilijiona nimechelewa kufahamu. Hakukuwa na rafu chumba kizima, ndo mana sinki lilipokufa wakalitia katoni, na hata lingefufuka mara kumi katoni zingerudi. Nilikwenda kwangu nikachukua mbao zilizobaki, nikapiga rafu juu ya kitanda cha kupimia, na pembeni ya kitanda nikafunga kishikio cha chupa ya sanitaiza, urefu wa mkono tu kutoka anapokaa daktari. Tukakubaliana na yule mama mtu mmoja kwa jina awe ndo wa kujaza chupa na kutazama sabuni kila asubuhi, na asipokuwepo nani anashika, liandikwe kwenye daftari la zamu. Mana chupa isiyo na mwenyewe ikimalizika Jumatatu inaweza kukaa tupu mpaka mwezi uandame.

Kliniki iliyofuata nilibaki nje kwenye benchi, mama akaingia peke yake. Alipotoka nikamuuliza vipi, akafunga buibui yake vizuri kwanza, akaniambia presha imeshuka kidogo. Alafu akasema, "Mikono yake ilikuwa ya baridi, mpaka nikashtuka."